Namna ya Kuhuisha Agano Lako na Mungu: Mwongozo kwa Mkristo wa Mwanza na Kando ya Ziwa

Kila mwisho wa mwaka makanisa ya Mwanza hujaa. Kuanzia Igoma hadi Nyegezi waumini hukesha wakiimba na kuomba, na inapotimia saa sita usiku wengi huinua mikono na kumwahidi Mungu kwamba mwaka unaoanza hautakuwa kama uliopita. Ahadi hizo hutoka moyoni, na sina sababu ya kuzibeza. Lakini ukimuuliza mtu mwezi Machi aliahidi nini hasa, mara nyingi hakumbuki, kwa kuwa alichokisema usiku ule kilikuwa kipana mno, kiasi kwamba hapakuwa na siku hata moja ambayo angeweza kujua kama amekitimiza au amekivunja. Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mkristo anayetaka kulifanya jambo hilo kwa utulivu na kwa namna itakayodumu hadi siku za kazi. Hatua zake zinafuata mpangilio unaoonekana katika Biblia pale watu wa Mungu walipolirudia agano: walisikia Neno, waliungama, walitengeneza yaliyoharibika, walijifunga kwa mambo yanayotajika, wakaweka shahidi. Hatua inayorukwa kuliko zote ni ya tatu, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Jua kwanza unachokihuisha

Agano halianzi na wewe. Pale Sinai, katika Kutoka 24, watu walisema kwamba watayatenda yote aliyoyanena Bwana, na Musa akawanyunyizia damu ya agano. Sura nane baadaye wamekwisha kutengeneza ndama wa dhahabu, na mbao za mawe zimevunjika chini ya mlima. Kinachofuata katika sura ya 34 ndicho msingi wa somo hili lote, kwa maana Mungu anamwagiza Musa achonge mbao nyingine mbili mfano wa zile za kwanza, naye ataandika juu yake maneno yale yaliyokuwa katika mbao za kwanza. Hakutoa amri nyingine wala hakutafuta taifa jingine. Nabii Yeremia, katika sura ya 31, alitabiri agano jipya ambalo sheria yake ingeandikwa mioyoni, na usiku ule kabla ya kusulubiwa Yesu alikishika kikombe akasema, “Kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu.” Kwa hiyo Mkristo anayehuisha agano hamshawishi Mungu abadili nia yake, wala haanzi wokovu upya. Anarudi mahali alipokwisha kuwekwa.

Makanisa yetu yana njia mbalimbali za kulionyesha jambo hilo. Wakatoliki hurudia ahadi za ubatizo katika Mkesha wa Pasaka, mishumaa ikiwa mikononi, kisha hunyunyiziwa maji. Walutheri hufundishwa katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 kwamba ubatizo unamdai mtu azamishe utu wa kale kila siku kwa toba. Waadventista hutawadhana miguu kabla ya kuikaribia meza ya Bwana, na tendo hilo limewapatanisha ndugu wengi ambao barua na vikao vya usuluhishi vilishindwa kuwapatanisha. Wamethodisti wana ibada maalumu ya agano waliyoirithi kwa John Wesley, ambaye aliiongoza kwa mara ya kwanza mjini London mwezi Agosti mwaka 1755, na hadi leo wengi wao huifanya mwanzoni mwa mwaka. Tumia njia ya kanisa lako. Huhitaji kuhama kanisa ili kuhuisha agano.

Hapa niseme jambo moja bila kuzunguka. Yako mahubiri, mengine ya redioni na mengine ya kwenye simu, yanayomtaka mtu atume kiasi fulani cha fedha ili “agano” lake lisimame au la ukoo wake livunjike. Sadaka ni tendo jema la shukrani, na fungu la kumi lina mahali pake, lakini damu ya agano imekwisha kumwagika na hakuna nauli inayoongezwa juu yake. Anayekutajia bei, mwache aende zake.

Tenga siku inayoendana na kazi yako

Watu wengi hushindwa katika hatua hii kwa sababu huchagua siku ambayo kazi yao hairuhusu. Mvuvi wa dagaa hawezi kutulia wakati wa giza, kwa kuwa huo ndio wakati wa kuwasha taa majini na kutafuta riziki. Lakini mbalamwezi inapoingia taa hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika, na kambini watu hubaki wakishona nyavu, wakicheza bao au wakinywa. Siku hizo ni zawadi. Mvuvi Mkristo anayezitenga siku mbili za mbalamwezi kwa ajili ya Mungu wake amejipatia kalenda inayomkumbusha kila mwezi bila kuhitaji karatasi ukutani. Mkulima wa pamba ana wakati wake baada ya kuuza, fedha zikiwa bado mkononi na kumbukumbu ya mizani ikiwa bado safi. Mwalimu, muuguzi au karani ana mwisho wa mwezi. Mama anayeuza samaki Soko la Mwaloni Kirumba, ambaye siku yake huanza kabla ya jua, pengine ana alasiri ya Jumapili pekee, nayo inatosha.

Kwa mara ya kwanza tenga nusu siku. Kuhusu mahali, jiji letu limejaa mawe makubwa na vilima, na watu wengi wa maombi wana jiwe lao wanalolijua. Ila kanisa lililo tupu siku ya kazi, saa tatu asubuhi, lina utulivu ambao watu wachache wanautumia. Zima simu. Chukua Biblia, daftari na kalamu, basi.

Soma kwa sauti

Katika Kumbukumbu la Torati 31 Musa aliagiza torati isomwe mbele ya Israeli wote kila mwaka wa saba, wanaume, wanawake, watoto na wageni, na katika Nehemia 8 Ezra aliisoma tangu mapambazuko hata adhuhuri watu wakiwa wamesimama. Sauti ina kazi yake, kwa maana jicho huruka aya linaloiogopa ilhali ulimi hulazimika kuitamka.

Soma Kutoka 24, kisha 32 hadi 34. Soma Yoshua 24 polepole, ukitua pale Yoshua anapowaambia watu waziwazi kwamba hawawezi kumtumikia Bwana, nao wakiwa ndio kwanza wamemwahidi kwamba watamtumikia. Kiongozi huyo hakutaka ahadi za haraka. Soma Luka 22 na Warumi 12. Ukiwa na muda wa sehemu moja tu, soma Nehemia 9 na 10, kwa sababu sura ya 9 ni toba ndefu inayoipitia historia nzima bila kujitetea, na sura ya 10 ni hati ya agano iliyotiwa muhuri ikiwa na majina ya watu na orodha ya mambo wanayojifunga nayo. Tazama jinsi yalivyo madogo na ya wazi: hawatanunua bidhaa siku ya Sabato, watatoa theluthi ya shekeli kila mwaka kwa ajili ya nyumba ya Mungu, watapiga kura nani alete kuni za madhabahu na lini. Kuni! Watu waliolia kwa sababu ya dhambi za baba zao walimalizia kwa kupanga zamu za kuni, na mimi naona hapo ndipo toba yao ilipoonekana kuwa ya kweli.

Jihoji kwa daftari

Paulo aliwaandikia Wakorintho, “Lakini mtu ajihoji mwenyewe,” kabla ya kuula mkate na kukinywea kikombe. Kujihoji si kujilaumu kwa jumla. Mtu anayesema “mimi ni mwenye dhambi” amesema kweli, lakini bado hajajihoji. Anayesema “Jumanne nilimdanganya mwenye nyumba kwamba mshahara haujaingia” ameanza.

Fungua ukurasa mpya na uupitie mwezi uliopita kwa kufuata fedha zako, maana fedha huacha alama kuliko kitu kingine chochote. Pitia ujumbe wa miamala kwenye simu na daftari la madeni, na kwa kila ingizo jiulize: hii nilimpa nani, kwa nini, na je, ningeweza kumweleza mwenzi wangu au mchungaji wangu? Baada ya fedha, ingia kwenye kinywa: umesema nini juu ya nani, hasa katika vikundi vya simu na vya kusukana nywele, na vibarazani pale wanaume wanapojidai hawasengenyi. Kisha mwili na ndoa. Kisha wale uliowanyima msamaha, andika majina yao, si “watu fulani.” Mwisho kazi yenyewe.

Juu ya kazi nitoe mfano wa karibu. Dagaa walioanikwa mchangani badala ya kwenye chanja hubeba mchanga, na wakati wa kufunga magunia mchanga huo huingia kwenye mzani pamoja nao. Mfanyabiashara anayejua hivyo na asiwachekeche kwanza anauza mchanga kwa bei ya dagaa, na mteja wake, ambaye huenda amesafiri kutoka Kongo au Burundi, ataugundua akiwa amekwisha fika kwao. Ndivyo ilivyo kwa sado, lile kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako, na kwa mwenye mtumbwi anayekata “mafuta na chakula” kuliko vilivyotumika kabla ya kugawana na wavuvi waliokesha majini. Mithali 11:1 inasema, “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA,” na Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele na kilio kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mtu anaweza kuinua mikono kanisani Jumapili mkono ule ule ukiwa umebonyeza sado Jumamosi. Agano linaihusu sado.

Tengeneza kabla ya kuahidi

Ukishaandika, ungama mbele za Mungu kila jambo kwa jina lake, ukishikilia ahadi ya 1 Yohana 1:9 kwamba Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Mkatoliki ataiendea sakramenti ya Kitubio. Wengine watamwendea mchungaji au mzee wa kanisa kwa yale yanayowalemea. Lakini usiishie hapo ukakimbilia kuandika ahadi mpya. Yesu, katika Mathayo 5, alimwagiza mwenye kutoa sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Zakayo alipompokea Yesu alitaja nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne, naye alikuwa mtoza ushuru aliyejua hesabu. Walawi 6 inamtaka aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake.

Kwa hiyo chukua orodha yako na uweke alama kwenye kila jambo linalohitaji mtu mwingine. Deni unaloweza kulipa, lipa kabla ya siku ya kuhuisha agano. Usiloweza kulipa lote, mwendee mwenye kukudai, mpe ulicho nacho na mkubaliane tarehe. Uongo uliousema juu ya mtu, uondoe kwa watu wale wale uliowaambia, kwa maana kumwomba msamaha yeye faraghani huku kundi zima likiendelea kuamini maneno yako ni kazi nusu. Ikiwa uliowadhulumu hawajulikani tena, kama wale wateja wa mchanga, Hesabu 5 inaonyesha kwamba malipo yasiyo na wa kuyapokea huenda kwa Bwana. Toa kiasi hicho kwa wahitaji, kisha nunua chekecheke na ujenge chanja.

Wako watakaokuta katika orodha yao hirizi iliyofungwa kwenye mtumbwi au dawa iliyofukiwa mlangoni pa duka, kwa kuwa katika ukanda wetu si ajabu mtu kubatizwa na bado kupitia kwa mganga msimu unapokaribia. Iondoe. Katika Matendo 19 Waefeso walioamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma hadharani. Mwite mchungaji au wazee wawe nawe ikiwa una hofu, na usikubali jambo hilo ligeuzwe maonyesho ya kupigwa picha.

Tahadhari mbili. Jambo lenye upande wa sheria, au linaloweza kumvunja mtu aliyekuwa hajui, kama uzinzi, usilitume kwa ujumbe wa simu usiku kwa sababu dhamiri imekuwasha. Tafuta kwanza ushauri wa mtu mzima katika imani, uliseme kwa utaratibu na ana kwa ana. Na aliyepigwa au kudhulumiwa nyumbani asidhani kwamba kuhuisha agano kunamlazimu arudi mahali penye hatari. Msamaha unaweza kutolewa ukiwa umekaa mahali salama.

Andika machache yanayotajika

Sasa andika. Mhubiri 5:5 inaonya kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na Zaburi ya 15 inamsifu mtu ambaye hata akiapa kwa hasara yake hayabadili maneno yake. Kwa hiyo andika mambo machache, matatu au pungufu, na kila moja liwe la kuweza kuulizwa. “Nitampenda Mungu zaidi” ni maombi mazuri lakini huwezi kuulizwa. “Kabla ya kufungua simu asubuhi nitasoma zaburi moja,” “nitawachekecha dagaa kabla ya kuwapima,” “nitampigia kaka yangu wa Sengerema kila Jumamosi hadi tutakapoyamaliza ya urithi,” hayo yanaulizika.

Juu ya mambo hayo weka sala fupi yenye maneno yako mwenyewe. Inaweza kuwa hivi:

“Ee Bwana Mungu wangu, ulinichukua uwe Mungu wangu kabla sijakutafuta. Nimeyavunja uliyonipa kuyashika, na leo nimeyataja mbele zako. Ninarudi kwako kwa damu ya Mwanao. Mikono yangu, biashara yangu, nyumba yangu na siku nilizobakiza ni zako. Haya ninayoyaandika siyawezi kwa nguvu zangu; utende kazi ndani yangu, nitake na kutenda. Amina.”

Tia sahihi na tarehe.

Weka shahidi

Yoshua alichukua jiwe kubwa akalisimamisha chini ya mwaloni pale Shekemu, akawaambia watu kwamba jiwe hilo limeyasikia maneno yote na litakuwa shahidi juu yao. Wewe huhitaji jiwe, ingawa Mwanza hayapungui. Unahitaji mtu mmoja au wawili: mwenzi wako, ndugu wa jumuiya ndogo ndogo, rafiki wa kikundi cha maombi. Kambini visiwani, ambako mchungaji hufika kwa nadra, wavuvi wawili wanaoaminiana wanatosha kabisa. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuvuka hadi Bukoba ulienea hasa kwa njia hii: watu wa kawaida walikutana, wakaelezana kweli, wakaiita kutembea nuruni.

Msomee shahidi ulichoandika, naye akubali kukuuliza kila mwezi. Achague kuuliza swali la wazi, “Je, dagaa wanachekechwa?”, badala ya “Vipi, unaendeleaje kiroho?”, ambalo kila Mkristo wa hapa anajua kulijibu kwa “Namshukuru Mungu.” Shahidi si hakimu wala mtangazaji. Akishindwa kufunga mdomo, mbadilishe.

Kisha nenda kanisani ukashiriki meza ya Bwana kwa utaratibu wa kanisa lako, kwa kuwa hapo ndipo agano lenyewe linapotolewa mkononi mwako. Wengine watapenda kufanya sala ile kwa sauti siku hiyo. Wengine wataibeba kimya katika Biblia yao.

Baada ya hapo

Kila asubuhi rudia sala yako, au mstari wake mmoja. Kila usiku, kabla ya kulala, pitia mambo yako matatu; dakika chache zinatosha. Kila mbalamwezi au mwisho wa mwezi kaa na shahidi.

Yoshua alisema, “lakini mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA,” na mwenye watoto ataona haraka kwamba nyumba haiongozwi kwa tamko. Waeleze kwa lugha yao jambo moja ambalo familia italishika, kwa mfano kusali pamoja kabla ya chakula cha jioni, na uwape ruhusa ya kukukumbusha. Watakukumbusha kuliko unavyodhani, hasa ukiwa umechelewa na una njaa.

Utaanguka. Nehemia 13 inaonyesha kwamba watu wale wale waliotia muhuri hati walirudi kununua bidhaa siku ya Sabato, wakaacha kuwapa Walawi sehemu zao, na chumba cha hekalu kikapewa Tobia, adui wa kazi ile. Nehemia hakuandika agano jipya. Alitupa vyombo vya Tobia nje, akaagiza vyumba vitakaswe, akawarudisha Walawi mahali pao, akafunga malango ya mji Sabato ilipokaribia. Fanya vivyo hivyo: siku uliyoanguka, kabla ya kulala, ungama kwa jina la jambo lenyewe, mpigie shahidi wako, na siku inayofuata tengeneza kilichoharibika, hata kama ni kumrudishia mteja shilingi elfu mbili. Usichane karatasi yako. Usiongeze ahadi ya nne kwa hasira ya kujiadhibu. Ikiwa jambo moja limevunjika mara kwa mara kwa miezi kadhaa, subiri mkutano wenu wa mwezi, kaa na shahidi, mtazame kama lilikuwa kubwa mno au kama kuna mtu bado hujamlipa, kisha mliandike upya pamoja chini ya tarehe ya zamani.